Nimeahidiwa ukapteni wa ATR, nimepewa ofa ya A320: nibaki au niende?

SWALI

Ndugu washauri, salaam.

Mimi ni rubani msaidizi, umri miaka 34, ninarusha ATR 72, ndege ya abiria ya pangaboi, katika kampuni ndogo. Nina saa 2,300 za kuruka: 700 za ndege ndogo, nyingi nikiwa rubani kiongozi, na 1,600 za ATR katika kiti cha kulia. Mitihani ya nadharia ya leseni ya juu, ATPL, nimeshafaulu yote, ila leseni yenyewe sijapewa kwa sababu saa za usiku hazijatimia. Safari zetu karibu zote ni za mchana.

Kampuni ndiyo iliyonilipia mafunzo ya ATR, nami nikasaini kuitumikia miaka 3. Imebaki miezi 7. Kuna kipindi safari zilipungua sana. Wenzetu wa kampuni nyingine walipunguzwa kazi, sisi tukakatwa mshahara kwa muda lakini hakuna aliyetolewa. Rubani mkuu ndiye aliyetupigania, na hilo sijalisahau.

Sasa kampuni kubwa ya nchi nyingine imenipa ofa ya rubani msaidizi wa A320, ndege ya jeti, mshahara karibu mara mbili. Wanataka jibu ndani ya siku kumi na darasa linaanza baada ya wiki kumi, wakati notisi yangu hapa ni miezi 3. Wao nao wana mkataba wa mafunzo wa miaka 3. Wanapandisha watu vyeo kwa orodha ya ukongwe, na wanasema wanaajiri kama marubani 15 kila mwezi.

Rubani mkuu kaniambia kwa mdomo kwamba msimu ujao nitakaa kushoto, kwenye kiti cha kapteni. Mwenzangu mmoja ananikumbusha kuwa mcheza kwao hutunzwa. Mwingine ananishangaa kwa nini bado nasitasita. Je, nikiondoka nitakuwa nimewasaliti? Nikisubiri nipate ukapteni kwanza, nitapoteza nini? Na mambo yakienda mrama huko, nitaweza kurudi?

Rubani wa Njia Panda

JIBU

Ndugu yetu, tuanze na hilo la kusaliti, maana ndilo linalokufanya ushindwe kupiga hesabu nyingine.

Kampuni yako ilipowabakiza ilitenda wema, na papo hapo ilijua inachofanya. Rubani aliyekwisha kufuzu ATR akiachwa aende, kumpata wa kuziba pengo kunataka darasa la nadharia, simuleta (mashine ya kuigiza urukaji), mtihani, kisha wiki kadhaa za kuruka na kapteni mkufunzi kabla hajaachiwa safari za kawaida. Nyinyi nanyi mlikubali kukatwa mshahara. Pande zote mbili zilivumiliana, na hesabu hiyo imefungwa. Lililobaki kati yako na kampuni ni lile lililoandikwa kwenye mkataba. Shukrani unayodaiwa na rubani mkuu ni jambo la watu wawili, na njia ya kuilipa ipo; tutaifikia.

Ahadi yake ya msimu ujao tumeisoma mara mbili, na kuna kitu hakijakaa sawa. Kuwa kapteni wa ATR 72 katika usafiri wa abiria kunahitaji ATPL iliyotolewa, siyo mitihani tu. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambavyo nchi nyingi huvifuata vinataka angalau saa 1,500 kwa jumla, ambazo unazo. Saa 250 za rubani kiongozi, au 70 halisi na zinazobaki ukiwa kiongozi chini ya usimamizi, ambazo kwa maelezo yako huenda unazo. Na saa 100 za usiku. Hizo za mwisho huna. Kampuni inayoruka mchana haiwezi kukupa saa za usiku kwa kukuahidi tu. Muulize rubani mkuu kwa upole: nitapangiwa safari zipi ili saa hizo zitimie kabla ya msimu, na kozi ya ukapteni ni tarehe gani? Akikutajia safari na tarehe, ana mpango. Akikuambia usiwe na wasiwasi, basi ana nia njema tu, na nia njema haikusaidii kufungua maombi ya leseni.

Kuna mtego mwingine ambao vijana wengi huuona wakiwa wameshasaini. Kozi ya ukapteni mara nyingi huja na mkataba wake wa mafunzo. Unavumilia miezi 7 ili deni la kwanza liishe, kisha siku unayopewa kozi unasaini miaka mingine 2, na saa inaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo usijiulize kuhusu miezi 7. Jiulize: nikichukua ukapteni hapa, lini nitakuwa huru kuondoka bila kulipa?

Sasa deni lenyewe. Kachukue mkataba wako usome kifungu cha marejesho, maana kuna aina mbili na tofauti yake ni kubwa. Tuseme mafunzo yaliandikwa kuwa 36,000 kwa sarafu ya mkataba. Kama deni hupungua kila mwezi, miezi 36 inafuta 1,000 kwa mwezi, na leo unadaiwa 7,000. Kama hupungua kwa mwaka, yaani theluthi moja kila mwaka unapotimia, basi leo unadaiwa theluthi nzima, 12,000, hata ukibakiza mwezi mmoja. Angalia pia tarehe inayohesabiwa. Ikiwa ni siku ya mwisho ya kazi na siyo siku ya kuandika barua, miezi 3 ya notisi inakula deni: kwenye aina ya kwanza unaondoka ukidaiwa miezi 4, yaani 4,000. Angalia kama kuna riba, kama wanaruhusiwa kukata kwenye mshahara wa mwisho na malipo ya likizo, na nani alisaini kama mdhamini. Ukiwa na mdhamini, mwambie kabla hujaandika barua, asije akapigiwa simu na idara ya fedha hajui lolote.

Kisha iulize kampuni mpya kama hulipa deni la rubani anayehamia. Baadhi hufanya hivyo, nyingine hukukopesha na kukata kidogo kidogo, nyingi hukataa. Kuuliza hakuharibu ofa.

Tuje kwenye orodha ya ukongwe, kwa sababu ndiyo inayoamua jambo lako kuliko mshahara. Katika kampuni inayofuata orodha hiyo, namba unayopewa siku ya kuanza ndiyo inayopanga nani anachagua kituo cha kazi kwanza, nani anapata likizo wakati shule zimefungwa, nani anahamia ndege kubwa, nani anakuwa kapteni, na kampuni ikipunguza watu, nani anatoka kwanza. Uzoefu ulioupata kwingine hausogezi namba hiyo hata hatua moja. Kapteni mwenye saa 8,000 akijiunga Jumatano, yuko chini ya kijana mwenye saa 300 aliyejiunga Jumanne.

Piga hesabu. Wakiajiri 15 kwa mwezi na wewe ukachelewa miezi 9, watu 135 watakuwa juu yako ambao leo wangekuwa chini. Tuseme kampuni hiyo hupandisha marubani wasaidizi 60 kwa mwaka kuwa makapteni. Watu 135 ni sawa na miaka 2 na miezi 3 ya kungoja. Umechelewa miezi 9 kuingia, umechelewa miezi 27 kukaa kushoto. Hatujui idadi yao halisi ya wanaopandishwa. Waulize, na uulize pia kapteni wa mwisho kupandishwa alikuwa amekaa miaka mingapi. Usiulize "kwa kawaida" inachukua muda gani. Uliza wa mwisho.

Hata hivyo orodha hiyohiyo ina upande wake mchungu. Mwaka 2020 safari ziliposimama kwa korona, katika kampuni nyingi za mfumo huu waliotoka kwanza ni walioingia mwisho, na miezi michache ya tofauti iliamua nani amebaki. Nayo makadirio ya kupanda cheo hubadilika kwa kalamu ya mtu mwingine: Desemba 2007 Marekani ilipandisha umri wa mwisho wa marubani wa mashirika kutoka miaka 60 hadi 65, na waliokuwa wakitarajia viti vya wastaafu wakasubiri miaka mingine. Ukiambiwa utakuwa kapteni baada ya miaka 4, ichukue kama utabiri wa mvua.

Kama kampuni hiyo ingekuwa inapandisha watu kwa saa na sifa, ushauri wetu ungegeuka. Hapo saa 500 za ukapteni wa ATR zingekuwa na uzito mkubwa, kwa sababu wengi wanaoajiri makapteni moja kwa moja huanza kwa kuuliza saa za kiti cha kushoto. Kwa mfumo wa orodha, saa hizo zitakupa ujuzi na heshima, lakini hazitakununulia nafasi. Umri wako nao unasema jambo. Kikomo cha ICAO kwa rubani wa safari za kimataifa kwenye ndege ya marubani wawili ni miaka 65, kwa hiyo una miaka 31 mbele. Mtu wa miaka 52 kuanzia chini ya orodha ni suala jingine kabisa.

Maoni yetu: nenda. Lakini nenda kwa mpangilio, na kwanza ofa yenyewe ipite kwenye chujio.

Huo mshahara wa "karibu mara mbili" umehesabiwa kwa saa ngapi? Ofa nyingi huonyesha mfano wa mwezi mzuri. Ukiona mfano umepigwa kwa saa 85 kila mwezi, zidisha kwa 12: ni 1,020. Kanuni za Ulaya huweka kikomo cha saa 900 kwa mwaka wa kalenda na 1,000 kwa miezi 12 mfululizo. Marekani ni 1,000 kwa siku 365. Kwa kikomo cha 900 wastani wako hauwezi kuvuka saa 75 kwa mwezi, na likizo bado haijaondolewa. Kwa hiyo tazama mshahara wa msingi na saa zinazohakikishwa hata usiporuka. Posho ya safari usiiweke kwenye hesabu ya kodi ya nyumba. Uliza malipo wakati wa mafunzo, kwani mara nyingi mshahara kamili huanza ukishaachiwa njia, yaani kuruka safari za kawaida bila mkufunzi, siyo siku ya kwanza darasani. Uliza kodi inakatwa wapi na mshahara unalipwa kwa sarafu gani.

Uliza pia bima ya kupoteza leseni. Ile ya sasa itakufa siku utakayoondoka, na mpya pengine haianzi mpaka uachiwe njia. Katikati hapo ukivunjika mguu ukashindwa cheti cha afya cha daraja la kwanza, hakuna anayekulipa. Hiki ndicho kifungu ambacho hakuna anayekiuliza kwenye usaili.

Mkataba wao wa mafunzo usome kwa jicho la mtu anayefukuzwa, siyo la mtu anayeajiriwa. Ukifeli kozi, unadaiwa? Wakikupunguza kazi kwa sababu safari zimekwisha, unadaiwa? Deni linalokufuata hata kampuni ikikutoa yenyewe ni deni baya. Omba kifungu hicho kibadilishwe, na wakikataa, hapo una sababu halisi ya kubaki ulipo.

Kwa kuwa ni nchi nyingine, ulizia ndege zao zimesajiliwa wapi. Ibara ya 32 ya Mkataba wa Chicago wa 1944 inataka rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuthibitishwa na nchi ilikosajiliwa ndege, bila kujali ofisi ya kampuni iko wapi. Uthibitisho huwa wa muda na hushikamana na leseni yako ya nyumbani, kwa hiyo usiiache ikafa. Kubadilisha leseni moja kwa moja ni safari ndefu zaidi: ukitoka nje ya mfumo wa Ulaya ukitaka ATPL yao, unakaa upya mitihani 13 ya nadharia. Kwa vyovyote mamlaka mpya itaandikia ya kwenu kuhakiki leseni yako, na barua hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Ianzishe leo, haina gharama ya kuacha kazi.

Hapa saa zako za usiku zinarudi. Mamlaka nyingi humhudumia kirahisi zaidi mwenye ATPL kamili kuliko mwenye matokeo ya mitihani mkononi. Kwenye ndege ya marubani wawili, saa za usiku za rubani msaidizi huhesabiwa, kwa hiyo mwombe mpangaji wa rosta akupe safari za alfajiri na za mwisho wa jioni katika kipindi chako cha notisi. Zikitimia, omba leseni kabla hujaondoka. Zisipotimia, A320 itakujazia haraka.

Usiandike barua ya kuacha kazi mpaka uwe na mkataba uliosainiwa na pande zote, wenye tarehe ya darasa, na cheti cha afya kimekubaliwa na mamlaka yao. Barua ya "tunafurahi kukupa nafasi, kwa masharti" siyo mkataba. Madarasa huahirishwa kwa sababu ndogo tu, simuleta kukosa nafasi au ndege kuchelewa kuletwa, na aliyekwisha kuacha kazi ndiye anayekaa nyumbani. Ukikaa sana, utahitaji tena kupaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 kabla ya kubeba abiria, na idhini yako ya kurusha ATR nayo huisha baada ya mwaka.

Darasa ni wiki 10, notisi ni wiki 13. Usiruke pengo hilo kwa kutoweka wala kwa kuumwa kwa ghafla. Kampuni mpya itapiga simu kwa ya zamani, na dunia ya marubani ni ndogo kuliko inavyoonekana. Kwanza omba siku zako za likizo zilizobaki zitumike mwishoni mwa notisi. Siku 21 zinafunga pengo lote. Zikikosekana, omba kulipia wiki zilizobaki kama mkataba unaruhusu. La mwisho, omba darasa la mwezi unaofuata. Litakugharimu namba 15 hivi, na bado ni rahisi kuliko jina baya.

Nenda kwa rubani mkuu ana kwa ana kabla barua haijafika kwa mtu yeyote. Mwambie tarehe ya mwisho, mwambie deni utalilipa vipi, na ukubali kuruka na rubani mpya anayechukua nafasi yako, hata kama safari hizo ni zile ambazo hakuna anayezitaka. Kwake yeye shukrani ni hiyo: asiachwe na rosta yenye matundu. Usitumie ofa kama fimbo ya kudai nyongeza kama huna nia ya kuondoka kweli. Akikuomba ubaki, mwambie unahitaji kwa maandishi tarehe ya kozi, masharti ya deni jipya na namna saa za usiku zitakavyopatikana. Akiyaleta yote ndani ya siku zako kumi, bila deni jipya la maana, yafikirie kwa uzito. Hatutarajii.

Kabla ya siku ya mwisho, daftari lako la saa lipigwe muhuri na kusainiwa ukurasa wa mwisho, ukusanye nakala za mitihani yote ya simuleta, ukaguzi wa njiani, mafunzo ya mizigo hatari na ya usalama. Ukiwa bado mtumishi utapewa siku hiyohiyo, ukishaondoka utazungushwa.

Jambo moja la kiufundi, kwa sababu linawaangusha wengi wanaotoka kwenye pangaboi. ATR ukiondoa nguvu, mapanga yenyewe yanakuwa breki. Ukiwa juu na una mwendo unajirekebisha ndani ya maili chache. A320 ikiwa laini, bila flapsi wala magurudumu, kwenye mteremko wa nyuzi 3 karibu haipungui mwendo kabisa: utateremka, au utapunguza mwendo, siyo vyote kwa pamoja. Anza sasa kuhesabu kichwani katika kila safari: maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000, kisha ongeza kama maili 1 kwa kila noti 10 (noti ni maili ya baharini kwa saa) unazotaka kupunguza. Ukiwa futi 10,000 kwa noti 250 na unataka 140, ni maili 30 na nyingine 11. Kwenye simuleta mkufunzi atakuangalia hapo kuliko unavyoshika usukani, ambao nao umekuwa kijiti kidogo cha pembeni kisichokuonyesha mwenzako anafanya nini.

Kuhusu kurudi: kampuni ndogo huwarudisha watu walioondoka vizuri, hasa wakirudi na saa za jeti. Utarudi kama mgeni, chini ya uliowaacha, na idhini ya ATR itahitaji kuhuishwa kwa mafunzo na mtihani. Nani analipia, ni mazungumzo ya siku hiyo. Unachoweza kufanya leo ni kuomba barua ya utumishi itaje kwamba umeondoka kwa hiari, huna deni, na unaweza kuajiriwa tena. Maneno hayo matatu yaandikwe na idara ya rasilimali watu, siyo na rubani mkuu peke yake, kwa sababu naye anaweza asiwepo.